Maana ya Maji Mafu

Mwezi uliopita nilitumwa Kakuma kuwasaili vijana wanaotaka kujiunga na kozi yetu, ile ya kurudisha uhai wa fukwe, na nilipoingia kwenye chumba tulichoazimwa nikakuta mwanamke ameketi mahali pangu. Chumba kilikuwa cha mabati, meza moja, viti viwili, na nje vijana wamejibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta wakiwa wameshika bahasha zao. Nilikuwa na haraka, tena mimi hasira zangu ziko karibu, yeyote aliyefanya kazi nami atakwambia. Nikasema, "Mama, samahani, wazazi wanangoja nje." Hakuinuka. Alinitazama kuanzia viatu mpaka mvi, akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Kamusi." Mkoba ukaniponyoka. Hakuna mtu duniani aliyeniita Kamusi tangu mwaka ule wa Lodwar, na huyu aliyekuwa akiniita hivyo kwa sauti ya kuvutavuta nilikuwa nimemkwepa nusu ya umri wangu. Nimefanya kazi hii kuanzia Todonyang hadi kusini kabisa mwa ziwa, lakini kila safari ya Kakuma nilikuwa namsukumia mtu mwingine. Nilikuwa na sababu zangu tele, mara mgongo, mara ripoti. Safari hii mwenzangu aliugua, zamu ikaniangukia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nililala chumba kimoja na Mapendo huko Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, kwenye vitanda viwili vya chuma vilivyokaribiana kiasi kwamba nikinyoosha mkono nagusa neti yake. Mapendo alikuwa Mkongo, aliletwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa mtoto. Mimi nilitoka Todonyang, kule mwisho wa ziwa. Kati ya wanafunzi kumi na mmoja sisi wawili tu ndio tulikuwa wasichana, kwa hiyo hatukuchaguana, tulipewana. Kufika saa nne asubuhi bati lilikuwa linalia kwa joto, tak, tak, na tulikuwa tunalowesha leso tunajifunika tukisoma. Nakikumbuka chumba kile vizuri kuliko nyumba ninayoishi sasa. Msumari mmoja wa kutundika nguo, wa wote wawili. Ndoo moja. Harufu ya mafuta ya taa na ya samaki wakavu niliokuwa nimeletewa kutoka kwetu, ambao Mapendo alikuwa akiwakaanga kwa nyanya na pilipili mpaka majirani wanapiga hodi kwa visingizio.

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Tulikuwa tunafundishwa kupanda mikoko na nyasi za bahari Lodwar, mahali ambapo ukitaka kuiona bahari unapanda basi, unalala njiani, unapanda basi lingine. Waliotufadhili walifikiri hivi: watu wa ziwa wanayajua maji, basi wafundishwe mwaka mzima hapa hapa, kisha sita walio bora wapelekwe pwani miezi mitatu kumalizia baharini kwenyewe na kupewa cheti. Warudi nacho wautengeneze ufuo wa ziwa, pale nyasi za majini zilipokwisha na samaki wakakosa pa kutagia. Watano wangebaki na mkono wa kwaheri na nauli ya kurudi kwao. Kwetu Waturkana ziwa ni anam, na bahari pia ni anam. Nilipoaga Todonyang nikasema naenda kusomea anam, jirani yetu mmoja aliyanyooshea kidole maji yaliyokuwa mbele ya mlango wake akauliza, "Na hii ni nini?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Tangu siku ile niliapa nitaifikia hiyo bahari, hata ikibidi nitambae.

Bahari yetu ya Lodwar ilikuwa karai. Tulijaza mchanga, tukamimina maji, tukakata makuti ya mkoma kuwa tepe nyembamba, hizo ndizo zikawa nyasi za bahari. Kazi ilikuwa kuushona kila utepe kwenye kipande cha gunia, mzizi ukiangalia chini, kisha gunia unalilaza kwenye mchanga na kulibana kwa vigingi, ili miche isisombwe na maji kabla haijashika. Gunia likishaoza, nyasi zinakuwa zimekwishajitegemea. Mapendo alikuwa na sindano yake ya kushonea magunia, ndefu, imepinda kidogo nchani, aliyopewa na mama yake. Jamani, yule msichana alikuwa na mkono! Kabla mimi sijamaliza safu moja yeye ana tatu, na ukizivuta hazing'oki. Tulipopelekwa ziwani kwa mazoezi ya kweli, mimi nilimshinda kwa kupiga mbizi na kuisoma mikondo, yeye akanishinda kwa kushona. Mratibu wa kozi, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, alitutazama akaandika kitu kwenye daftari lake, na kuanzia siku hiyo nikaanza kuhesabu alama zangu na zake.

Sasa hili jina la Kamusi. Masomo mengi yalikuwa ya Kiingereza, lakini Mwalimu Athmani, mzee wa kutoka pwani aliyetujia wiki mbili kila muhula, alifundisha kwa Kiswahili chake kile cha kwao, cha haraka, kimejaa maneno ambayo Lodwar hayajawahi kufika. Darasa lilikuwa linabaki limeduwaa. Sisi Kiswahili chetu ni cha sokoni, "hiyo maji iko mingi," basi, tumeelewana. Mapendo naye alikuwa na kile cha Kongo. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya dukani kwa mfanyabiashara wa pwani miaka miwili, nikawa najua kidogo zaidi ya wenzangu, na hicho kidogo nilikivimbisha. Mwalimu akisema jambo, vichwa vyote vinageukia kwangu. "Kamusi, amesema nini?" Nami nafasiri. Nisipojua nabuni, mradi uso usinianguke. Ninaposema leo kwamba ujinga wangu ulianzia kwenye sifa, sijisingizii unyenyekevu, ndivyo ulivyokuwa.

Siku ya mwisho ya muhula Mwalimu Athmani alifundisha kupwa na kujaa. Ziwa letu halina mambo hayo. Maji yakipanda yanapanda miezi, yakishuka yanashuka miezi. Kuambiwa kwamba kuna maji yanayoondoka asubuhi na kurudi mchana yenyewe tu, bila mvua, bila mto, ilikuwa kama kusimuliwa ndoto ya mtu. Alituchorea mwezi mpevu na mwezi mwandamo, akatueleza bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana na mikondo inakuwa na nguvu. Kisha gari la kumpeleka uwanja wa ndege likapiga honi. Akawa anakusanya karatasi zake huku anasema, "Na maji mafu, wanangu, msiyasahau maji mafu, kwa kupanda hayo ndiyo..." Honi tena. Akatoka. Vichwa vikanigeukia. Kwetu Todonyang kuna mahali ziwani ambapo watu hawatupi nyavu kwa sababu ya waliouawa pale, maji yenyewe yakahesabiwa yamekufa pamoja nao. Sikufikiri mara mbili. Nikasema, "Maji mafu ni maji yaliyoua mtu. Hapo huingii wala hupandi." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Hata walionizidi umri waliandika.

Mapendo hakuwepo darasani siku hiyo. Pasi yake ya kutoka kambini ilikuwa imeisha muda, na alikuwa Kakuma tangu Jumatatu akingojea nyingine. Jumamosi nikachukua daftari langu nikamfuata, ili asije akapitwa na masomo. Nilikuwa mwema hivyo wakati ule, naomba mlijue hilo pia. Mama yake alinipokea kwenye chumba cha matofali ya udongo, akanikalisha kwenye kitanda maana kiti kilikuwa kimoja, akaleta bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, na samaki mmoja mzima. Kichwa cha samaki akanipa mimi. Mapendo alikula mkono mmoja, mkono mwingine unanakili. Nakumbuka vizuri kidole chake kikifika kwenye mstari ule, mwandiko wangu: maji mafu, maji yaliyoua mtu. Akauliza, "Ku bahari pia watu banakufaka hivyo?" Nikasema, "Kila mahali penye maji." Mama yake akanishika mkono, mkono wake ukiwa bado una unga, akasema, "Weye njo unamuonaka kila siku. Miye simuone. Umuangalie, eh?" Nikasema ndiyo, mama. Kile kichwa cha samaki bado nakihisi kooni.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa mdomo mratibu alituita, mimi na Mapendo, akatusimamisha mbele ya meza yake. Watano walikuwa wameshajulikana, alisema. Nafasi ya sita ilikuwa kati yetu wawili. "Alama zenu ziko sawa. Mtihani wa Ijumaa ndio utaamua. Msilie hapa." Tulitoka nje jua la saa nane likitupiga, tukatembea mpaka Kanamkemer, naye mtu wa kuimba njia nzima siku hiyo hakuimba. Kuanzia hapo chumba kilibadilika. Daftari tulizokuwa tunaziacha wazi kitandani zikaanza kulala chini ya mito. Nikirudi namkuta amekaa, ananitazama, anaangalia pembeni. Tulikuwa tunapeana chumvi kwa adabu kama wageni hotelini. Mimi nilijua la kwangu: nisipoenda, narudi Todonyang kwa yule jirani na kidole chake. La Mapendo nililijua vizuri zaidi, ndiyo aibu yenyewe. Aliwahi kuniambia, "Kamusi, miye nikipata ile karatasi, ni mara ya kwanza nitakuwa muntu wa kazi, si muntu wa kambi."

Jumatano ya wiki ile ya mtihani nilikwenda peke yangu kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Mombasa aliyeolewa na msafirishaji hapo Lodwar, ambaye alituuzia mahamri na mbaazi kila asubuhi. Alikuwa na simu sikioni, anamfokea ndugu yake wa kwao huku anageuza mahamri kwenye mafuta. "Sasa unawakatazani watoto wasioge? Maji mafu hayo, hayana kasi! Astaghfirullahi, waache watoto!" Hamri langu likasimama njiani. Alipokata simu nikamuuliza, nikijifanya sina haja sana, maji mafu ndiyo maji gani. Akacheka. "We mwanangu, si maji ya maiti! Ni zile siku za nusu mwezi, maji hayajai sana wala hayapwi sana. Yametulia tu. Hata mwenye kupanda mikoko hungojea siku hizo." Nikamlipa nikasahau hata chenji. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Yaani Mwalimu alisema hizo ndizo siku za kupanda, nami nikawaambia watu wazima wasikanyage!

Mpaka nafika mlangoni nilikuwa bado nimekusudia kumwambia. Nataka niandike hivi kwa sababu ni kweli. Nilimkuta amepiga magoti anafua, fulana yangu ikiwa miongoni mwa nguo zake, kaichukua msumarini bila kuombwa. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mbaazi zimeisha leo." Hivyo tu. Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia kesho. Walio darasani ambao walikuwa wameshika nafasi zao sikuwa na shida nao, hao wangekwenda tu hata wakikosea. Mtu mmoja tu ndiye ambaye kosa lile lingemgharimu, na alikuwa ananifulia.

Alhamisi alasiri tulikuwa tumekaa kizingitini tunachambua maharage, sinia katikati yetu. Mawe yalikuwa mengi, muuza maharage alikuwa anatuuzia kokoto. Mapendo hakunitazama. Alichukua jiwe moja, akalitupa uani, akauliza taratibu, "Kamusi. Maji mafu ni nini?" Nilikuwa na muda wa kutosha, msije mkadhani nilishtukizwa. Niliokota maharage matano, sita, nikayaweka upande wangu. Nikasema, "Si umeandika? Ni maji yaliyoua mtu. Huingii, hupandi." Akasema, "Aksanti." Tukaendelea kuchambua mpaka sinia likaisha, akaenda kuinjika. Maharage yale yalikuwa matamu, alitia nazi ya pakiti, na nilikula sahani mbili huku nikisubiri anilaani. Aliniongezea mchuzi.

Ijumaa tuliingia mmoja mmoja. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na Mwalimu Athmani akiwa mmoja wao, na swali la nne lilikuwa lile lile. Nikalijibu kwa madaha, nusu mwezi, mikondo iliyolegea, miche inashika kabla ya bamvua. Mzee alitabasamu akasema, "Mashallah, mwanangu." Mapendo aliingia baada yangu akakaa muda mrefu. Alitoka uso umefungwa. Saa kumi majina yalibandikwa mlangoni, na jina langu likawa la sita. Niligeuka nimtafute, sikumwona. Nilipofika chumbani kitanda chake kilikuwa kimekunjwa godoro, msumari una nguo zangu tu, na kwenye mto wangu kulikuwa na ile sindano ya magunia. Hakuna barua. Majirani walisema amepanda gari la Kakuma. Nikakaa kitandani nikalia, na wala sitawaficha, ndani ya kilio kile kulikuwa na furaha.

Bahari niliifikia. Mara ya kwanza kuingia kufanya kazi ilikuwa siku ya maji mafu yenyewe, maji ya magotini, yametulia, yanaonyesha vidole vya miguu. Nilikuwa na gunia langu na sindano ya Mapendo. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele za furaha na mimi nilikuwa nashona nimeinama ili wasinione uso. Nimewafundisha watu wengi tangu hapo, na kila nikifika kwenye somo lile namwachia msaidizi wangu, natoka nje eti nipige simu. Nilijiambia nimemnyang'anya mtu maisha yake. Nililibeba hivyo miaka yote, na sasa ndiye huyu amekalia kiti changu, mnene kidogo, miwani, mikono ni ile ile.

Niliwaambia vijana wa nje wangoje, nikakaa kwenye kiti cha wageni. Mapendo aliisukuma bahasha mezani. "Mutoto wangu anataka kozi yako," akasema. "Lakini kwanza, Kamusi, niambie. Maji mafu ni nini?" Nilikuwa na sindano mkobani, huwa inakaa humo. Nikaitoa nikaiweka juu ya bahasha. Nikasema, "Ni siku za nusu mwezi, maji hayajai sana wala hayapwi sana. Ndizo siku za kupanda. Nilijua, Mapendo. Siku ile uliponiuliza nilikuwa nimejua tangu jana yake. Nilikudanganya ili niende mimi." Niliyasema hayo, mtu mzima mimi, mbele ya dirisha lililojaa vijana.

Hakushtuka. Aliichukua sindano akaipima ncha kwa kidole gumba. "Miye nilijibu muzuri," akasema. "Ile Alhamisi asubuhi nilienda kwa Mama Zuhura, nikamuuliza. Akashangaa. Akasema, jana mwenzako kaniuliza hayo hayo, kwani hakukwambia? Basi Ijumaa pale ndani nikawaeleza yote, nusu mwezi, kila kitu. Yule muzee alifurahi sana. Kisha bakasema, alama zako ni nzuri kabisa, lakini pasi yako inaishia Lodwar, haifike ku bahari, na hakuna wa kuiongeza. Njo vile."

Nilihisi kitu kikinilegea kifuani, kitu nilichokuwa nimekizoea kama sehemu ya mwili. "Kwa hiyo si mimi," nikasema. "Si mimi niliyekunyima." Akasema, "Hapana. Si weye." Nikacheka, nikajifuta machozi kwa kiganja, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilikuwa bado nacheka nilipoanza kuzipanga zile siku kichwani. Mama Zuhura ilikuwa Alhamisi asubuhi. Maharage yalikuwa Alhamisi alasiri.

"Lakini Mapendo," nikasema, "kama asubuhi ulikuwa umeshaambiwa, mbona alasiri uliniuliza?"

Aliichomeka sindano kwenye ukingo wa kitenge chake, mahali ilipokuwa ikikaa zamani.

"Nilitaka kujua niko nalala na nani mu ile chumba," akasema. Kisha akainuka, akaniachia kiti changu, akamwita binti yake aingie.